Kioo Juu ya Kobe

Shemeji yangu ni fundi umeme, na sijapata kuona mwanamume mwenye wivu kama wake. Wenzake huwaonea wivu majirani, au wauza duka wenye maneno matamu. Yeye alimwonea wivu kobe.

Dada yangu alikuwa mjane walipooana. Alihamia kwenye fleti ya shemeji, ghorofa ya tatu, na masanduku yake, cherehani, na kobe aliyekula chumvi nyingi kutushinda sote. Tulimwita Babu. Marehemu ndiye aliyemleta kobe huyo nyumbani, na shemeji alipolijua hilo, amani ikamtoka. Kila alipomkuta dada amechuchumaa, akimkuna Babu shingo na kumnong'oneza, roho ilimuuma kana kwamba marehemu mwenyewe amerudi kukaa sebuleni.

"Shemeji, yule ni kobe," nilimwambia.

"Najua ni kobe. Ananong'onezwa nini?"

Shida ilikuwa jua. Kule alikotoka dada kulikuwa na ua, lakini dirisha la shemeji linatazama ukuta wa jengo la pili, na majira ya baridi yalikuwa yanaingia. Kobe hana joto lake mwenyewe. Mwili ukipoa, hata alichokula hakisagiki tumboni. Dada akamwomba mumewe amtengenezee Babu joto na mwanga. Shemeji akajifanya hamnazo. Mganga hajigangi, hata korido yake mwenyewe ilikuwa giza tangu balbu ilipoungua. Mwishowe dada akasema basi, atamwita fundi mwingine. Fundi mwingine! Mwanamume apande ngazi ndani ya nyumba yake! Jioni hiyo hiyo shemeji alirudi na mbao.

Nisimnyime haki yake, alijenga kasri, sanduku pana la mbao. Upande mmoja aliweka taa ya joto, Babu aote kama yuko juani. Upande wa pili akaacha kivuli cha kujipoza. Katikati akaning'iniza ile taa ndefu ya pekee, yenye miale kama ya jua, inayoimarisha mifupa na gamba. Kisha, chini ya taa zote, akalifunika sanduku zima kwa kioo, akakikaza kwa skrubu pande zote, akabakiza matundu ya hewa na kimlango cha kupitishia majani.

"Kioo cha nini?" dada akauliza.

"Vumbi, mke wangu. Vumbi ni baya sana kwa kobe."

Vumbi! Nilikuwepo dada alipojaribu kumfikia Babu na mkono wake ukagota kwenye kioo. Shemeji aligeuka upande ili tusimwone anavyotabasamu. Ningekuwa na mwiko karibu, ningemchapa.

Baridi haijaisha, Babu akaacha kutembea, akawa amelala tu karibu na kimlango cha majani. Taa zinawaka, joto lipo, lakini gamba lake lilikuwa limelainika hadi linabonyea kwa kidole. Dada alikuwa analia huku anashona. Shemeji akanunua taa nyingine ya bei kali, akawa anaamka mapema kupima joto kabla ya kwenda kazini. Aliingiwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya wivu: kobe akifia hapa, dada atasema marehemu aliweza kumtunza na yeye kashindwa.

Ikabidi aitwe daktari wa mifugo. Mama yule alipenyeza vidole kwenye kimlango, akambonyeza Babu gamba, akainua macho juu.

"Nani kaweka hiki kioo?"

"Mimi," shemeji akasema.

"Kitoe leo. Joto linapita hapo, mwanga mnauona, lakini miale ya kumjenga mifupa inazuiwa na kioo. Nitawaachia dawa. Huenda akapona, ila sitawaahidi."

Daktari alipoondoka, dada alimkazia mumewe macho.

"Hakikuwa cha vumbi."

Shemeji akapasuka. "Sawa, hakikuwa cha vumbi! Mimi nikirudi kazini naulizwa kama nimeleta mkate. Yeye anakunwa shingo, ananong'onezwa! Kobe wa yule bwana wako!"

"Yule bwana?" Dada aliongea polepole, na aliyoyasema hata mimi nduguye sikuwa nimewahi kuyasikia. "Yule bwana alimwokota barabarani akanipa, nikampenda. Basi akaanza kununa kila nikimshika. Akamfungia kwenye banda la kuni, kwenye giza, akaweka kufuli. Aliniambia eti anachafua sakafu. Babu aliliona jua tena nilipofiwa."

Shemeji akakigeukia kile kioo chake.

"Wewe uliponiletea zile mbao," dada akasema, "nilifurahi. Nilidhani safari hii nimeolewa na mtu mwingine."

Kisha akachukua bisibisi kwenye mkoba wa mumewe, akapiga magoti, akaanza kufungua skrubu mwenyewe. Shemeji alinyoosha mkono kumsaidia. Dada hakumpa.