Kumsindikiza Kukhu

Juzi sokoni Kitale nilimwona mzee aliyevaa bangili yenye namba ya simu ya bintiye, ili akipotea arudishwe. Nikamkumbuka Kukhu, nyanya yangu, kule Bungoma.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, uani kwetu kulinukia mahindi yaliyoanikwa. Kukhu alichukua kikapu kitupu akaniambia, "Naenda kwetu." Nilidhani kwake ni hapo hapo, lakini mgeni akiaga husindikizwa, basi nikambebea kikapu. Tena nilitamani sana kukuona huko kwao. Tulikipita kisiagi cha unga kikinguruma, tukavuka daraja la mbao, na kila nilipomuuliza kama tumefika alijibu, "Bado kidogo."

Sikujua kwamba huko kwao hakukubaki mtu, wala kwamba Mama alikuwa akitutafuta hadi kisimani.

Jua lilipoinama nikaanza kuwaogopa mbwa wa njiani. "Kukhu, si na wewe unisindikize?"

Aligeuka papo hapo, akanishika mkono. "Mtoto wa watu hawezi kurudi peke yake."

Mama alitukuta langoni akilia. Kukhu akanisukuma mbele taratibu.

"Mtoto wenu huyu, nimemleta," akasema. "Alikuwa amepotea."