Mbeba chanjo na neno lililomlaza porini

Saa tatu asubuhi, mwanamume wa miaka hamsini na miwili amelala chali uani kwake, pikipiki imemkalia mguu wa kulia. Kati ya mguu na chuma umewekwa mto wa kitandani ili asiumie kweli. Mkewe amesimama upande wa kichwa, simu mkononi, anahesabu sekunde.

"Kwa mkono wa kushoto," mke anaamuru. "Wa kulia umevunjika."

"Wa kulia haujawahi kuvunjika. Ulivunjika mguu."

"Leo umevunjika na mkono."

Mwanamume anacheka, kisha anapapasa kiunoni kutafuta kipande cha sabuni. Ni mche wa sabuni ya kufulia, uliokatwa kwa vipimo vya kifaa ambacho bado hakijanunuliwa. Anakigusa lakini hawezi kukivuta, kwa kuwa amekilalia. Sekunde arobaini na moja zimepita. Mke anatikisa kichwa na kuiandika namba hiyo kwenye daftari la cherehani, chini ya vipimo vya gauni la mteja.

Jirani anachungulia juu ya ukuta na kuuliza kama ameanguka tena. Akiambiwa ni mazoezi, anakumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Mimi la mkuu nililisikia," anajibu aliye chini ya pikipiki. "Mkuu alisema nipeleke chanjo. Guu likavunjika vilevile."

Kila mtu humwita Barafu, hata mkewe akiwa na wageni. Jina lilianzia ghalani, kwenye ghala la dawa anakofanya kazi kwa mwaka wa ishirini na moja sasa. Kila safari huanza kwa kupanga vipande vya barafu ndani ya sanduku la baridi, kisha chupa ndogo za chanjo, kisha barafu tena. Sanduku hufungwa nyuma ya pikipiki na yeye huondoka nalo kwenda zahanati tano. Ya mwisho iko kilomita tisini na nne, na katika hizo sitini hazina mtandao wa simu hata wa kusingizia.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Barafu, ambaye riziki yake ni kubeba kinga za wenzake, amekuwa akitafuta kinga ya kwake mwenyewe kwa wiki tatu. Anachotafuta ni kifaa kidogo cha dharura kinachoongea na setilaiti, cha kuita msaada mahali ambapo simu ni tochi tu.

Ofisi imekubali kununua kimoja. Amepewa hadi Ijumaa achague. Mkewe naye ametoa sharti lake: bila kifaa wanachokubaliana wote wawili, hakuna safari ya zahanati ya mwisho, na mwenye kutaka kubishana aanze kujipikia.

Sharti hilo lina asili yake.

Miezi kumi na mmoja iliyopita, saa tisa alasiri, gurudumu la mbele liliteleza kwenye kokoto karibu na jabali jeupe, kilomita sabini kutoka nyumbani. Pikipiki ilimwangukia Barafu na kumbana mguu. Simu ilikuwa kwenye mkoba uliofungwa kwenye tangi, na kuufikia mkoba kulimchukua saa tatu.

"Nilipiga, haikuita. Kistari kimoja cha mtandao kilikuwa kinakuja na kwenda," anasimulia. "Nikasema niandike ujumbe mfupi, huenda ukapenya."

Ukapenya. Aliandika: *Nimelala karibu na jabali jeupe.*

Hapa msomaji anahitaji kujua jambo moja kuhusu wapanda pikipiki wa ghala lile. Wao hawatamki neno kuanguka. Wanaamini kulitaja ni kuliita. Lori likipinduka hulala, na mwenzao akianguka, basi "amelala". Kwa miaka ishirini na moja Barafu amelitumia neno hilo bila kufikiri, na jioni ile, akiwa na maumivu ya mguu uliovunjika mara mbili, ndilo lililokuja.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa anamalizia sare za shule. Akasoma kwamba mumewe amelala karibu na jabali jeupe. Mara nyingi safari zikichelewa Barafu hulala njiani, kwa hiyo aliona ni jambo la kawaida. Akajibu mara moja: *Haya. Lala salama, mume wangu.*

Ujumbe huo nao ukapenya. Ulikuwa wa mwisho. Baada ya hapo kistari kilitoweka na hakikurudi tena.

"Niliusoma nikacheka," anasema Barafu. "Mguu umevunjika, nimebanwa, na nilicheka mpaka machozi. Halafu nikanyamaza, maana nilijua hakuna mtu anayekuja."

Alikaa pale saa kumi na tisa. Saa nne asubuhi ya pili alikutwa na mrina asali aliyekuwa anatafuta mizinga. Vipande vya barafu sandukuni havikuwa vimeyeyuka vyote na chanjo zilikuwa nzima. Analisema hilo kwa fahari kila anaposimulia, na kila anapolisema mkewe hutazama pembeni.

"Mimi usiku ule nilikula, nikaoga, nikalala," anasema mke, bila kuacha kukanyaga cherehani. "Nililala fofofo, maana mume wangu ameniambia yuko salama. Watu wananiambia si kosa langu. Najua si kosa langu. Lakini linaniuma, na litaniuma."

Tangu siku ile zahanati ya mwisho imepata chanjo mara nne tu, kwa gari ambalo hupita wakati wa ukavu. Muuguzi wa huko ametuma orodha ya watoto sitini na wanane wanaosubiri. Orodha hiyo imebandikwa ghalani juu ya ndoano ya funguo za pikipiki, na Barafu huipita kila asubuhi akienda zahanati za karibu.

Kuna vifaa viwili mezani, kwa maana ya karatasi mbili zenye picha na vipande viwili vya sabuni.

Cha kwanza ni kidogo. Kina kitufe kimoja na antena ya kuinua. Betri yake hukaa miaka bila kuchajiwa na hakina malipo ya mwezi. Ukikibonyeza, kituo cha uokoaji kinapata mahali ulipo na kuanza kukutafuta. Hakisemi neno lolote na hakikujibu.

Cha pili ni kikubwa kidogo. Nacho kina kitufe cha dharura, ila pia hutuma na kupokea ujumbe. Kinataka kuchajiwa kila baada ya siku kadhaa, na kina ada ya kila mwezi, ambayo ofisi imekubali kuibeba kwa kuwa bei ya kifaa chenyewe pekee ni sawa na mshahara wa Barafu wa miezi miwili.

Mazoezi ya uani yamewafundisha mambo ambayo hayakuandikwa kwenye karatasi. Kwanza walikifunga kipande cha sabuni kwenye usukani, kama wengi wanavyofanya. Mke akauliza: pikipiki ikiteremkia bondeni na wewe ukabaki juu, utaiomba ikurushie? Kikahamia kiunoni. Leo imeonekana kwamba kiunoni mtu anaweza kukilalia, na kifaa kilicholaliwa hakioni anga, na kisichoona anga ni sabuni tu.

Kikahamia kifuani, juu kidogo upande wa kushoto, ambapo mikono yote miwili inafika. Sekunde sita. Mke akapiga mstari chini ya namba hiyo mara mbili.

Lakini kipi? Hapo ndipo nyumba iligawanyika.

Barafu alitaka kile kidogo. "Maneno yalishaniponza," alieleza. "Kitufe hakina lugha. Ukikibonyeza hakuna wa kukielewa vibaya."

Mke alitaka kikubwa, na sababu yake aliitoa kwa kifupi: anataka kujibu.

Mjadala ulimalizwa Alhamisi mchana, na aliyeumaliza ni koti. Mke alikuwa anashona mfuko wa kifaa kwenye koti la safari, akatoa vilivyomo mifukoni kabla ya kuweka sindano. Kulikuwa na risiti ya mafuta, pipi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa fomu ya kusajili kifaa kidogo, tayari imejazwa. Kwenye nafasi ya watu wawili wa kupigiwa simu dharura ikitokea, Barafu alikuwa ameandika msimamizi wa ghala na mpanda pikipiki mwenzake.

Mke alimwita. Wote wawili wanasimulia kilichofuata, na masimulizi yao hayapishani.

"Mimi siko humu," mke alisema.

"Ofisi ina gari, mke wangu. Wewe ungefanya nini na cherehani?"

"Sijauliza nani ana gari."

Barafu alikaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha ule mguu ambao hadi leo haukunjiki vizuri. Akasema ukweli. Hakutaka simu ya dharura imfikie mkewe. Aliona namna alivyokonda mwaka ule, alivyokuwa akiamka kuangalia simu yake, na akajiambia kwamba kama jambo litatokea tena, bora alisikie kutoka kwa mtu aliyekuja mlangoni na maelezo yote, Barafu mwenyewe akiwa ameshapatikana.

"Mwaka jana ulinificha kwa bahati mbaya," mke alimjibu. "Sasa unanificha kwa makusudi. Na hii ya sasa ndiyo inayouma zaidi."

Barafu aliichukua fomu, akaichana. Kesho yake alimwambia msimamizi wa ghala aagize kikubwa. Kwenye fomu mpya aliandika namba ya mkewe kwanza. Ndiyo namba pekee anayoijua kwa kichwa.

Kifaa kilipofika baada ya wiki mbili, ikabaki kazi moja. Kinakubali jumbe tatu za kuhifadhiwa, ambazo hutumwa kwa kubonyeza tu na hazina kikomo. Za kuandika upya ni kumi kwa mwezi, pamoja na majibu ya kutoka nyumbani, na msimamizi aliwaonya wazitunze.

Walikaa mezani jioni nzima kutafuta maneno matatu ya kuaminika. Barafu alipendekeza "Niko poa."

"Hata maiti iko poa," mke alisema.

"Nimefika."

"Umefika wapi? Mwisho?"

Ule wa kwanza ukawa: *Nimevuka mto. Naendelea.* Wa pili: *Nimefika zahanati. Mzima.* Kwa wa tatu Barafu alishika kifaa kwa muda mrefu. Kidole kilikuwa juu ya herufi na hakishuki. Mkewe anasema alimwona anatokwa jasho, mtu ambaye hupita ukingo wa korongo huku anaimba.

"Nilijua nikiliandika nimeliita," anakiri Barafu. "Ni ujinga, najua, lakini miaka ishirini na moja sijawahi kulitamka juu yangu mwenyewe."

Mke hakumcheka. Alivuta kiti karibu, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, na wakaandika pamoja, herufi moja moja: *Nimeanguka. Njooni.*

Jumatatu asubuhi ghalani, wenzake wanaukodolea macho ujumbe huo wa tatu. Mmoja anageuza uso. Mwingine anauliza kama ofisi inaweza kununua na cha kwake, naye atavumilia neno hilo. Msimamizi anasema ataomba vingine vitano, ingawa hajui vitapatikana lini.

Barafu anafunga sanduku la baridi, anavuta mkanda, anajaribu mfuko wa kifuani. Amebakiza miaka mitatu astaafu. Anaulizwa anatarajia nini.

"Nataka nimkabidhi atakayeshika njia yangu kifaa hiki, na ule wa tatu uwe haujawahi kutumwa," anasema. "Na wale watoto sitini na wanane niwakute wote. Basi." Kisha anaondoka, taratibu, mguu mmoja ukiwa umenyooka kidogo kuliko mwingine.

Nyumbani, mke anashona kola. Simu iko mezani, kando ya mkasi. Saa tano na dakika ishirini inalia.

*Nimevuka mto. Naendelea.*

Anausoma. Anaweka kitambaa chini, anashika simu kwa mikono miwili na kuandika polepole: *Nimeupata. Nakusubiri.* Anatuma, anasubiri hadi alama ya kupokelewa itokee, kisha anapangusa macho kwa kipande cha kitambaa cha kola.

Anakumbushwa alichosema msimamizi, kwamba jumbe za kuandika ni kumi tu kwa mwezi, na ule wa mumewe haukuhitaji jibu.

"Tisa zilizobaki ni zake," anasema. "Hiyo moja ilikuwa yangu. Nilikuwa nayo tangu mwaka jana."