Pombe Ambayo Hakuionja

Tuliomzika jirani yetu Jumatano, kwenye mteremko nyuma ya Remera, tulikuwa hawa: mimi, ambaye ua wa minyaa kati yangu na yeye ulikuwa mmoja, Daforoza, mjane wa fundi viatu, aliyechota naye maji tangu wote wawili wana meno kamili, Leokadia, muuza unga wa mtama pale kituo cha basi, ambaye watoto wake wanne walipokelewa duniani na mikono ya marehemu, Anastazi, mtoto wa dada yake, aliyekuja kutoka Kagugu, na wachimba kaburi wawili, Viyane na Modesti, ambao hawakuwahi kumwona akiwa hai. Majina ya watu hayanitoki kichwani, wasomaji wangu mnanijua. La kwake tu silitaji. Tulikwisha kulichafua vya kutosha.

Watu huuliza furaha inatoka wapi, hasa miaka hii ya vita, na wengine hudhani inatoka kwenye mambo makubwa. Mimi sikusoma sana, lakini yetu naijua ilikotoka. Ilitoka kwenye benchi la mbao nje ya nyumba ya Daforoza. Kila jioni, maharage yakishatulia motoni, tulikaa pale sisi wanne, chungu kimoja cha pombe ya mtama katikati, kila mmoja na mrija wake. Asubuhi tuliombana moto: ambaye jiko lake limezima alikwenda kwa jirani na kigae, akarudi na makaa na habari. Ukiona nyumba haitoi moshi, unakwenda kugonga. Hakuna aliyetufundisha. Nadhani mwili huzoea kuulizwa hali, kama unavyozoea chumvi.

Sasa niwaambie kosa lake. Wageni wa mji huu wajue kwamba kwetu anayeleta pombe huonja kwanza yeye, mbele ya macho ya wote, ndipo awape wengine. Ni adabu, na ni kusema, sikuwatilia sumu. Mwaka wa tisini, wiki chache baada ya vita kuanza, watu walikuwa wameanza kuchunguzana hata wanavyokohoa. Jioni moja ilikuwa zamu yake. Alikuja na chungu, akakiweka chini, akatuonyesha kwa mkono tunywe. Hakuonja. Leokadia akamkazia macho.

"Weye, mbona haukuonja?"

Yeye akatikisa kichwa, akagusa shavu.

"Iko nini mdomoni, sukari?" Daforoza akamtania, tukacheka. Tukanywa. Asubuhi yake tumbo la Leokadia likamsokota, na hadi saa sita mtaa mzima ulikuwa na jibu: yule ni mlozi.

Mimi nilijua. Asubuhi ya siku ile ya pombe nilikuwa nimempeleka zahanati kung'olewa gego, mimi mwenyewe nilimshika mkono. Mganga alimjaza pamba, akamwambia asinywe kitu mpaka kesho wala asiseme sana. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: aling'olewa jino. Sikuyasema. Kwanza niliona aibu kukatiza, maana Leokadia alikuwa anasimulia vizuri. Halafu nikaogopa, kwa sababu anayemtetea mlozi huulizwa na yeye anapika nini. Mwisho, nisiwafiche, nilianza kuona raha.

Fizi ilipopona akaja na chungu kingine. Alieleza habari ya gego, akapanua mdomo tuone pengo, akavuta mafunda matatu makubwa mpaka povu likamshika puani. "Nimeonja, muone! Nimeonja, dada zangu!" Leokadia akamjibu bila kuinuka: "Mlozi hafi kwa sumu yake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako." Naye mwenye chungu akanigeukia mimi, shahidi wa jino. Nikainama nikafunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa ndara. Alimwaga ile pombe chini polepole, akabeba chungu chake. Daforoza akauchukua mrija aliouacha mwenzetu akazibulia mfereji wa maji machafu.

Tangu hapo akawa anakaa mlangoni kwake, upande wa pili wa ua, anatusikia. Tulijua anatusikia. Tulikuwa tunacheka kwa sauti zaidi kuliko kichekesho chenyewe. Akinisalimu asubuhi, "Waramutse, mukecuru," yaani umeamkaje, bibi, nilikohoa. Moto tulikwenda kuuomba mbali, nyumba ya nne. Alikonda, akaacha kufagia uwanja, nywele akaacha kuzichana, nasi tukasema, mnaona, dhambi inamla.

Wiki iliyopita sikuona moshi kwake siku moja, ya pili, ya tatu. Nilimwambia Daforoza, "Labda amekwenda Kagugu." Ya nne Anastazi alitoka huko Kagugu na viazi vitamu, akamkuta kitandani, amekwisha kufa. Alikuwa amejaribu kufika mlangoni akashindwa, mkeka ulionyesha alivyojikokota.

Baada ya maziko tulinawa mikono, kama desturi, na Anastazi akaleta pombe. Akaonja, akatugawia. "Mlikuwa rafiki zake, mama zangu. Aliugua nini?" Tulikunywa mpaka machicha, na Leokadia akauliza, "Iko ingine?"

Njiani nikamwambia Leokadia: "Lile gego lilikuwa kweli. Mimi nilimpeleka."

Hakusimama hata kidogo. "Nilijua iko kweli, pengo si niliona? Lakini weye, tungezungumza nini miaka miwili yote?"

Basi fundisho langu ni hilo, na sina lililo tamu zaidi. Benchi na salamu na kaa la moto huponya watu, ni kweli. Ndiyo maana ukimnyima mtu vitu hivyo humhitajii panga. Na tusijidanganye kwamba tuliobaki benchini tulikuwa na huzuni. Tulikuwa na furaha. Tulilala vizuri.

Mimi ni mzee, na kichwa huweza kuniongopea. Kama uliishi mtaa wetu, na unakumbuka jioni moja ambayo mmoja wetu alivuka ua akakaa naye, au asubuhi moja ambayo mimi niliitikia salamu yake, niandikie unisahihishe. Nitachapisha barua yako hapa hapa, nayo nitaiamini.