Mimi Ndiye Niliyemkaririsha Rangi Asizoziona

Kosa ni langu. Naanza hivyo kwa sababu kwetu wanajua ni la mdogo wangu, na mimi nimewaacha wajue hivyo, huu mwezi wa nne sasa. Nimeandika mistari hii nikafuta, nikainuka kufagia ua ambao nilishaufagia, nikarudi tena kwenye simu. Situlii, jamani.

Kwetu ni Ilula, mkoani Iringa, tunalima nyanya na kuuza barabarani. Mdogo wangu, nitamwita Faraja ingawa si jina lake, tangu utotoni alikuwa akichanganya zilizoiva na mbichi kwenye tenga moja. Mama alimchapa sana akidhani ni uvivu. Mimi ndiye niliyegundua kwamba nyekundu na kijani kwake ni rangi moja. Nikawa nampangia kimyakimya, na siri ikabaki yetu wawili.

Miaka ikaenda. Mimi nikapata kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya macho Mbeya, nikapanga chumba mtaa wa Soweto hukohuko. Faraja akasoma ugavi chuoni, akamaliza vizuri, kisha akaitwa kwenye usaili wa maafisa wa jeshi la majini. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula!

Alikuja kwangu na fomu. Kulikuwa na sehemu ya kuchagua fani, na yeye alitaka kujaza ugavi, alichosomea. Nikamcheka. Nikamwambia ugavi ni kukaa stoo kuhesabu magunia ya maharage, kazi hiyo hata Ilula angeipata. Afisa wa majini ni yule anayeongoza meli, anayepanda mpaka anakuwa nahodha. Ukweli wenyewe? Nilishawatangazia wenzangu wa kwaya kwamba nitakuwa dada wa nahodha. Ningewaambia nini tena, kwamba ni mtunza stoo?

Akaniangalia. "Dada, na macho yangu je? Si niseme tu mapema?"

"Ukisema umekwisha," nikamwambia. "Macho niachie mimi."

Kile kitabu cha kupimia rangi, chenye madoadoa na namba imejificha katikati, kliniki tulikuwa nacho. Nikakipiga picha ukurasa kwa ukurasa, nikamkaririsha wiki nzima: huu wenye doa kubwa pembeni sema kumi na mbili, huu sema nane. Alikariri kama katekisimu. Siku ya kupimwa akapita bila kukwama, nami nikajiona mjanja kweli!

Akaanza mafunzo. Kabla ya kupelekwa baharini, wanaojiandaa kuongoza meli wakapimwa tena, safari hii kwa taa ndogo ndani ya chumba chenye giza, nyekundu na kijani, kama zile ambazo meli huonyeshana ili zisigongane. Taa haina ukurasa wa kukariri. Alikosa karibu zote.

Walimuuliza alipitaje mara ya kwanza. Akasema alikariri. Nani alimfundisha? Akasema alijifundisha mwenyewe. Alijua akinitaja, kazi yangu inakwenda na maji.

Alinipigia simu akiwa stendi na begi lake. Aliongea polepole, mimi nazunguka chumbani. Akanirudia maneno ya afisa aliyemkabidhi barua ya kuondolewa: "Macho yako yasingekufukuza. Afisa wa ugavi haongozi meli. Ungesema kweli tungekuweka huko, ungepanda vyeo kama wenzako. Tunachokufukuzia ni uongo."

Nikakaa chini.

Kikao cha familia kikafanyika Ilula. Baba mdogo akamwambia njia ya mwongo ni fupi. Mama akalia, akasema yeye hakuzaa mtoto wa hivyo. Faraja ameinamisha kichwa, hakunitazama hata mara moja. Nami nilikuwepo, nimeshika sahani ya wali, na nikasema nini? Nikasema Mungu atamfungulia mlango mwingine! Basi, hivyo tu. Aibu ninayoisikia nikiandika hapa hamwezi kuijua.

Sasa yuko Kihesa, Iringa mjini, anabeba mizigo kwenye duka la mtu, simu zangu hapokei. Mama naye hataki kumwona. Mimi kazi bado ninayo, kwaya naimba, lakini nikikaa naona nisimame, nikisimama naona nitoke, nikitoka sijui naenda wapi.

Ninyi mliotangulia kuzaliwa, nisikieni. Mdogo wako akiwa na kasoro, usimfundishe kuificha ili wewe upate sifa. Nenda kaulize kwanza anaweza kufika wapi akiwa nayo. Mimi sikumuuliza mtu yeyote, na kuuliza kusingenigharimu hata senti.

Jumapili baada ya ibada nitapanda basi la Iringa, niunganishe jingine hadi Ilula, nisimame mbele ya mama na baba mdogo niwaambie aliyedanganya ni nani. Wanifukuze wakitaka. Cheo siwezi kumrudishia Faraja, lakini jina la mwongo nitamvua mimi niliyemvisha.