Mama Bohari na Nakala Zilizogeuzwa

Mtu akikwambia dada yangu ni mkaidi, mwambie kachelewa kujua. Mimi nimezaliwa nikamkuta hivyo. Mtaani wanamwita Mama Bohari, kwa sababu maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kwenye bohari ya hospitali, akitunza dawa, shuka, glavu na mabeseni, na hakuna daktari aliyewahi kutoka pale na hata bomba la sindano bila kutia saini. Walimnunia, wakamsema, wakamshitaki kwa mkubwa wao. Wapi! Saini kwanza.

Alipostaafu, bohari akaihamishia nyumbani. Mumewe alikuwa ameshafariki, mimi nilikuwa nimeshaachika, basi tukaanza kuishi pamoja, yeye chumba cha mbele, mimi cha kati, na vyumba viwili vya uani tukapangisha. Kwa kiinua mgongo chake alinunua kompyuta, na pamoja nayo programu ya kutunzia hesabu za nyumbani, iliyokuja ndani ya boksi na sidii yake. Humo aliingiza kila kitu: pensheni, kodi ya wapangaji, umeme, sabuni, hadi vocha za simu yangu, ambazo aliziwekea fungu linaloitwa "maneno mengi". Mimi hesabu zangu ziko kichwani na kwenye sidiria, na sijawahi kupungukiwa, lakini ukimwambia hivyo anakukata jicho.

Kila jioni akimaliza, programu ilimwuliza kama anataka kuhifadhi nakala. Anachomeka flashi, anabonyeza ndiyo, anachomoa. Flashi alikuwa nazo saba, kila siku ya juma na yake, kila moja imefungwa uzi wa rangi tofauti, zote zimelala kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Nilimtania kwamba hata marehemu shemeji hakutunzwa hivyo. Akanijibu kwamba shemeji hakuwa mtu wa kupotea ovyo.

Mwaka juzi akapata kiharusi chepesi. Mkono wa kushoto ulilegea, mdomo ukapinda kidogo, kisha vyote vikarudi mahali pake. Lakini mwanawe wa pekee aliingiwa na hofu. Huyu tunamwita Meneja tangu akiwa mtoto, maana alikuwa akiwapanga wenzake mstari halafu anaukagua. Sasa ana mke, ana kitambi, na anauza bima mji mwingine. Alikuja akakaa kando ya kitanda cha mama yake akasema, kwa upole kabisa, kwamba kadi ya benki na kodi ya vyumba avishike yeye. Dada akakataa. Wakavutana mpaka muuguzi akatutoa nje.

Mwishowe wakapatana hivi: kila mwisho wa mwaka Meneja atakuja, mama atamfungulia hesabu za mwaka mzima, na zikiwa sawasawa, kila kitu kinabaki mikononi mwa mama. Zikivurugika, anakabidhi. Dada aliyakubali masharti hayo kwa kuwa hajui hesabu zikivurugika zinakuwaje. Mwaka wa kwanza Meneja akakagua, akakosa pa kushika, akala akaondoka.

Mwaka huu, ugeni huo ukiwa umekaribia, Dada akawasha kompyuta asubuhi akakuta programu imejibadilisha yenyewe. Rangi nyingine, vitufe vingine. Na jioni, alipomaliza, haikumwuliza habari za nakala. Ilimwandikia tu kwamba nakala zake sasa zinahifadhiwa na kampuni, kupitia mtandao, na asiwe na wasiwasi.

"Nani kawaambia nina wasiwasi?" akaniuliza mimi, kana kwamba kampuni ni yangu.

Akapiga simu ya huduma kwa wateja, akaweka sauti ya juu ili nisikie. Akapokea binti mwenye sauti ya asali.

"Mama, tumeboresha."

"Nani aliwaomba?"

"Nakala zako sasa zinakaa kwetu, mama. Ni salama zaidi. Huna haja ya flashi tena."

"Kwenu wapi? Kuna mlango? Nikitaka vitu vyangu nakuja kugonga wapi?"

Binti akacheka, akidhani anataniwa. Masikini, hakujua anaongea na nani.

Basi Dada akafanya jambo ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya. Kule bohari, wakikuta chupa moja ya dawa imeharibika, hawaiamini tena katoni nzima. Wanafungua chupa zote, moja moja. Naye akateremsha kopo, akakaa na flashi zake, akawa anazichomeka kwa zamu na kuzifungua kwenye programu ile mpya ahakikishe zimo salama. Zote zilifunguka. Hesabu zilikuwa vilevile, mpaka "maneno mengi" yangu. Akashusha pumzi, akasema, "Nzima zote." Nikatenga chai, tukanywa kwa raha zetu.

Kumbe ile mpya ilikuwa ya kuonjesha tu. Baada ya siku kadhaa ikajifunga, ikataka alipie kila mwaka, la sivyo haifunguki.

"Kodi!" Dada akaja juu. "Wananitoza kodi! Programu nilinunua, boksi hili hapa, risiti hii hapa. Mimi ndiye ninayepangisha watu, sipangishwi!"

"Dada, lipa tu yaishe," nikamwambia. "Si pesa nyingi."

"Mwaka huu si nyingi. Mwakani wataboresha tena."

Akamwita fundi wa kompyuta, bwana mmoja mtu mzima, mwenye miwani na maneno machache. Akamwamuru aitoe programu mpya na kurudisha ile ya zamani kutoka kwenye sidii. Fundi akafanya. Ya zamani ikarudi na sura yake tunayoijua, tukashangilia. Dada akachomeka flashi ya Jumatatu. Ikakataa. Ya Jumanne, ikakataa. Alipofika ya Ijumaa, mimi nilikuwa nimeshakaa chini.

"Mama," fundi akauliza, "hizi ulizifungua kwenye ile mpya?"

"Nilizikagua."

"Zote?"

"Nusu unakaguaje?"

Fundi akavua miwani. Akatueleza kwamba ile mpya, kila nakala inayoifungua inaigeuza papo hapo kuwa ya aina yake, jina lilelile, tarehe ileile, wala haisemi. Na ikishageuka, ile ya zamani haiwezi kuisoma. "Ungeacha hata moja, mama," akasema, na nilitamani nimzibe mdomo.

 Dada akapiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaruka. "Vitu vyangu! Ndani ya nyumba yangu! Wavigeuze bila hata kubisha hodi!" Akalia. Tangu tulipomzika shemeji sikuwahi kumwona akilia, na pale alilia kwa msiba. Safari hii alilia kwa hasira, na hasira ilinishika na mimi, nikaitukana ile kampuni matusi ambayo fundi alijifanya hayasikii. Kilichotuuma tulikijua wote wawili. Jumapili Meneja anakuja, na hakuna hesabu ya kumwonyesha.

Meneja mwenyewe alipiga simu Ijumaa kuulizia safari, na Dada, ambaye hajui kuficha, akamweleza.

"Jambo dogo hilo, mama!" Alifurahi, nilimsikia. "Nalipia mimi leo leo. Nitajiandikisha kwa namba yangu, nakala zote zitakuja kwangu, na kadi nayo tutaangalia. Wewe pumzika."

"Mimi sijachoka," Dada akasema, akakata simu.

Jioni ile hakugusa chakula. Nikajaribu kumbembeleza: labda alipe yeye mwenyewe, kwa namba yake, kwa mwaka huu mmoja tu, avuke hiyo Jumapili. Nilikuwa naogopa, nisiseme uongo. Nilishamwona mawazoni dada yangu akiomba pesa za sabuni kwa mtoto wake, na roho ikaniuma. Yeye akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikalale.

Jumamosi asubuhi nikamkuta ameshaing'oa hata ile programu ya zamani, na sidii pamoja na boksi lake amevitupa kwenye pipa. Alikuwa amefungua jedwali la kawaida, lile linalokuja na kompyuta yenyewe, anaandika bei ya mkaa wa jana.

"Na miaka yote ile?" nikamwuliza.

"Imekwenda," akasema. Uso ulikuwa umevimba, lakini sauti ilikuwa ile ya saini kwanza.

Jumapili Meneja akaja na mkewe. Wakasalimia, wakanywa maji. Meneja akavuta kiti mbele ya kompyuta, akakunja mikono ya shati.

"Haya mama, tufungue."

"Hakuna cha kufungua."

"Si tulikubaliana?" Aliongea taratibu, kama anamwongelesha mteja. "Zikivurugika unakabidhi. Ni kwa ajili yako."

"Tulikubaliana mimi nikiwa kitandani mdomo umepinda," Dada akasema. Alikuwa amesimama, na mkono ule wa kushoto ameushika kiunoni. "Mtu wa namna hiyo anaombwa akubali nini? Anapewa maji. Nilikosea, tena sana, lakini kosa langu si la hizo flashi. Kosa langu ni kukubali. Mwaka jana nimekaa hapa, moyo unanidunda, nakaguliwa na mtoto niliyemfuta makamasi. Juzi nimelia machozi. Nalilia nini? Pesa nimezifanyia kazi mimi. Kuna siku umeme umekatwa humu ndani? Kuna siku tumelala njaa? Muulize mama yako mdogo."

Meneja akanigeukia.

"Haujakatwa," nikasema, "na mimi ni shahidi ninayekula sana."

"Mama, mimi nakujali."

"Najua unanijali. Nijali mikono yako ikiwa mfukoni mwako."

Meneja akaishusha mikono ya shati. Nami nikadhani yameisha, kumbe Dada hajaanza.

"Au unapenda sana kukagua? Haya, tukaguane. Toa simu yako. Fungua akaunti yako ya benki, hapa, mbele ya mama yako mdogo na mbele ya mkeo, tuone mwaka wako wewe ulikwendaje. Kama uko sawasawa, kadi yangu hii hapa, chukua."

Akaitoa kweli! Akaiweka mezani. Mimi nikataka kuidaka.

Meneja alicheka. Dada hakucheka. Simu ilikuwa mkononi mwa Meneja tayari, kidole gumba kikipapasa kioo, na jasho limeanza kumtoka pale juu ya mdomo, akawa anatuangalia mmoja mmoja kama mtu anayetafuta mlango.

"Mwonyeshe tu, mume wangu," mkwe akasema kwa sauti ndogo. Hakuwa amesema neno tangu wafike. "Na mimi nione."

Tukasikia wapangaji wa uani wakichota maji. Meneja akairudisha simu mfukoni, polepole, na hakumtazama mkewe.

Dada akaokota kadi yake. "Mwakani ukija," akamwambia, "njoo kunisalimia."