Mkono Ulioshika Mguu wa Baba

Naikumbuka alasiri moja, mwanangu, na ningepata wa kunisahaulisha ningemshukuru. Tulikuwa tunatoka kukata miwa, baba mbele, mimi nyuma na mapanga mawili begani, huku huku upande wa Shianda. Miwa ilituzidi urefu kushoto na kulia, na njia yenyewe ni ya mtu mmoja mmoja. Tulipofika kwenye ua wa Kukhu Nafula, bibi mjane jirani yetu, baba akasimama ghafla. Hakujikwaa wala hakuita. Alisimama tu, jasho likimtoka, macho ameyakaza mbele.

"Papa, kuna nini?"

"Kuna mkono," akasema polepole. "Umenishika hapa nyuma ya mguu."

Nikatazama chini. Hapakuwa na kitu ila vumbi na nyayo zake. Baada ya muda mfupi akashusha pumzi, akasema umemwachilia, akaendelea na safari kama si yeye. Kesho yake, pale pale. Kesho kutwa, pale pale.

Baba alikuwa mtu wa sigara kuliko chakula. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kuwa baridi hata jua likiwaka, na vinyweleo vya muundi vimeisha kama vimenyolewa. Hayo niliyaona, lakini sikuyaunganisha. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Kukhu Nafula, aliyekuwa akisimama nyuma ya ua wake kila mara, kimya, akiutazama ule mguu.

Sasa unatujua sisi watu wa huku. Mguu ukishikwa njiani, swali letu la kwanza ni nani ametega. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nguvu tele na akili haba. Nikamwendea yule bibi na panga mkononi. Naona haya kukuambia, lakini ndiyo kweli.

"Umezika nini hapa njiani?"

Hakukimbia. Akalitazama panga, akanitazama mimi. "Wewe kijana, mpeleke babako hospitali upesi, utampoteza. Marehemu wangu alikuwa anasimamanga hivi hivi. Mwaka haukuisha, kifua kikambana, akaanguka. Na kama unadhani ni njia yangu, basi mgeuze. Mpeleke upande wa mto uhesabu hatua."

Nilihesabu, mwanangu. Kutoka shambani hadi kwenye ua ule zilikuwa hatua mia mbili na kidogo. Siku iliyofuata tukashika njia ya mto, ambako hakuna nyumba wala ua. Upepo haukuwapo, lakini majani ya miwa yalikuwa yanasuguana kana kwamba kuna mtu anapita ndani sambamba nasi. Mia na themanini. Mia na tisini. Mia mbili. Baba akasimama.

"Umenifuata," akasema.

Mtu mwenye akili zake angesema pale pale, basi jambo hili haliko njiani, liko ndani ya mguu. Mimi je? Nikasema kumbe yule bibi ana nguvu kuliko tulivyodhani! Na yale maneno yake juu ya marehemu mumewe nikayachukua kuwa ni kukiri. Ujinga ukishakaa kitini, mwanangu, hata ukweli ukibisha hodi unaonekana mwizi.

Nikamleta mganga. Akamchanja baba chale tisa kwenye muundi kwa wembe, ili kitu kitoke. Kinachonitisha hata leo ni kwamba damu haikutoka. Yalikuja matone mawili matatu tu, basi. Mganga akatikisa kichwa. "Mnaona? Wameshainywa."

Chale hazikupona. Zikachimbika, vidole vikawa vyeusi kimoja baada ya kingine, na nyumba ikawa na harufu ambayo hatukuitaja. Aliyetuokoa ni Kukhu Nafula. Alikuja na bodaboda, akaingia bila kukaribishwa, akasema, "Mnyanyue." Nilimnyanyua.

Hospitalini daktari aliweka vidole viwili juu ya wayo wa baba, akatafuta mapigo. Akatafuta kifundoni. "Hapa hapapigi," akasema.

Ndipo akanieleza. Mishipa inayotoa damu moyoni kuipeleka mwilini huwa laini, inavutika. Ya baba ilikuwa imeingiwa na mafuta kwenye kuta zake mwaka baada ya mwaka, sigara na presha isiyotibiwa zikichochea, ikawa migumu na myembamba ndani. Akiketi, damu kidogo ilimtosha. Akitembea, misuli ilidai zaidi na haikupata, ikaumia. Ndiyo maana hatua zilikuwa zile zile kila njia. "Mngekuja kabla ya wembe, huenda tungeuokoa mguu huu," akasema. "Kidonda hakiponi pasipo damu."

Wakaukata chini ya goti. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu aliyekataa kusikia ni mimi, na guu lilikuwa la baba.

Huku kiungo cha mtu hakitupwi. Niliuleta mguu nyumbani umefungwa shuka, nikachimba shimo nyuma ya nyumba, baba mwenyewe ameketi kwenye kiti akitazama. Nilipomwaga udongo wa kwanza akashtuka, akainama, akapapasa hewa pale mguu ulipokuwa. "Bado umenishika," akasema. Nililia kama mtoto.

Baadaye nilikwenda kwa Kukhu kuomba radhi. Akanipa chai. "Panga lako liliniogopesha," akasema, "lakini mguu wa babako uliniogopesha zaidi."

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu nisiyekuzaa. Ukimwona mzee wako anasimama njiani kila baada ya mwendo ule ule akijifanya anasoma simu, usimcheke na usitafute mchawi. Mpeleke apimwe presha, sukari na mafuta ya damu. Sigara aiache leo, chumvi na mafuta apunguze, dawa akipewa asiziache kwa kuwa amejisikia nafuu. Atembee kama daktari alivyomwelekeza, apumzike ikiuma, atembee tena. Mguu baridi usiuchanje wala kuukanda kwa maji moto, na kidonda kisichopona kisilale nyumbani. Kifua kikimbana, usingoje hata dakika, mkimbize hospitali, maana mishipa ya moyo nayo huziba vivyo hivyo. Wewe mwenyewe anza sasa, maana ugonjwa huu hujenga kimya kimya ujanani.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe masikio kabla ya majuto, akulindie moyo na miguu, na babako akijaliwa uzee mwema, umzike mara moja tu. Mimi wangu nilimzika mara mbili.