Macho ya Njano na Bluu ya Masista

Saa moja na nusu asubuhi umeme umerudi mtaani Bombambili, na Benigna Mbawala hataki kuupoteza hata dakika moja. Amevuta kiti mbele ya kompyuta, chai yake imepoa pembeni. Kwenye kioo yumo sista kijana mwenye shela jeupe, anacheka. Benigna anashika mausi, anaisogeza kidogo kulia, anatazama, anairudisha kushoto.

Nyuma yake, kwenye benchi la wateja, ameketi mama aliyefika kutoka Lusewa kwa lori la mahindi. Huyu ni Skolastika, mama mzazi wa yule sista anayecheka.

"Bado, mwanangu," anasema Skolastika. "Huyo bado mgonjwa."

Benigna hakasiriki. Anasogeza tena.

Mpigapicha huyu wa miaka arobaini na moja hakuanza na kompyuta. Alikuwa karani wa chama cha ushirika hadi mwaka 1998, wafanyakazi walipopunguzwa naye akawa miongoni mwao. Kiinua mgongo chake kiliishia kwenye kamera ya filamu.

"Wenzangu walifungua genge," anasimulia. "Mimi nikasema nyanya mtu atanunua popote, lakini picha ya harusi yake hampi kila mtu kuipiga."

Hakukosea. Mwaka jana, 2006, aliuza ile kamera pamoja na nguruwe wawili, akaongeza akiba yake na kununua ya dijitali iliyotumika kwa shilingi laki saba. Ndipo alipokutana na kitu ambacho hakuna aliyemfundisha: picha ghafi, faili ambalo kamera hulitunza kama ilivyolipokea, bila kulipamba.

"Ni unga," anaeleza. "Kamera inakupa unga. Ugali unapikwa na programu."

Sasa, mpishi yupi? Hapo ndipo shughuli ilipo. Benigna alikuwa na programu mbili. Ya kwanza ilikuja na kamera yenyewe. Ya pili ilikuwa kwenye CD aliyouziwa stendi na kijana aliyeapa kwamba studio zote za Dar es Salaam zinaitumia. Wahenga walikwisha sema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini siku ile Benigna hakuwakumbuka. Programu ya CD ilikuwa nyepesi, na maharusi waliipenda maana ilifanya kila kitu king'ae.

Mwezi uliopita alialikwa kwenye nyumba moja ya masista mjini hapa kupiga picha za nadhiri za daima za Sista Wema, binti wa Skolastika. Programu ile ya CD humtaka mtu aionyeshe kitu cheupe ndani ya picha, kisha yenyewe hupanga rangi zote nyingine kwa kukifuata hicho. Benigna akaionyesha shela. Kama shela la sista si jeupe, jeupe ni lipi?

Alichapa picha arobaini kwa haraka, maana umeme ulikuwa unatishia kukatika, akazipeleka. Moja ilisafiri hadi Lusewa ndani ya bahasha, mkononi mwa dereva wa lori.

Skolastika alipoifungua alikuta uso wa mwanawe una rangi ya njano. Macho pia ya njano.

"Kule kwetu ugonjwa wa ini tunaujua," anasema. "Nimemzika mdogo wangu nao. Sikumwuliza mtu. Jumapili tukatoa nia ya misa, Jumatatu nikapanda lori na kuku wangu na dawa za mizizi."

Alisafiri siku mbili. Alipofika alimkuta mgonjwa wake bustanini, jembe mkononi, anaimba.

Watu walicheka, lakini Sista Rosemary, mkubwa wa nyumba ile, hakucheka. Alimwita Benigna.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista," alisalimia Benigna.

"Milele, amina. Benigna, mimi sijui mambo ya kompyuta. Ninachojua ni kwamba picha yako imemtoa mama wa watu kijijini analia. Jubilei ya masista wetu sita ni baada ya wiki tatu, na kuna mpigapicha wa Mbinga amekwisha leta picha zake tuzione."

Benigna aliomba siku nne. Alitoka kwa mlango wa nyuma, kichwa kimemwinamia, na huko uani akamkuta Sista Wema anafua. Mbele yake palikuwa na beseni la maji ya rangi ya anga, naye anachovya mashela humo moja baada ya jingine.

"Sista, hiyo ni nini?"

"Bluu, dada. Bila bluu shela linafifia, linakuwa kama la marehemu."

Benigna alisimama pale kama aliyesahau njia. Shela alilosema ni jeupe lilikuwa na bluu ndani yake. Programu ikamwamini, ikaiondoa ile bluu, na kwa kuiondoa ikaimwagia njano picha nzima, hadi kwenye macho ya bibi arusi wa Kristo.

"Nilicheka peke yangu njiani," anasema. "Halafu nikaona aibu. Bluu naitumia mwenyewe nyumbani, mashati ya shule ya watoto wangu yote."

Unga wake ulikuwa salama, faili ghafi halikuguswa. Kilichobaki kilikuwa kuchagua mpishi upya. Programu ya kamera ilimpa orodha fupi ya mianga ya kuchagua: jua, kivuli, taa. Kanisa dogo la masista, lenye kuta za kijani na madirisha ya rangi, halimo katika orodha hiyo. Ya CD ilishikilia msimamo wake kwamba shela ni jeupe.

Akaenda kwa Otto, mwenye intaneti kafe, akatafuta programu inayotolewa bure. Kuishusha kulichukua saa nne. Haina mapambo, imejaa vitufe kama dashibodi ya lori, na hakuna kinachojiendea chenyewe. Lakini rangi inasogezwa kwa mkono, kidogo kidogo, na umeme ukikatika kazi haipotei.

"Otto alinitania, ati cha bure nacho nakiamini," anasema Benigna. "Nikamwambia ya kununua ndiyo iliyomtia sista ugonjwa."

Akamwomba Skolastika aje akae kwenye benchi.

Asubuhi hii anasogeza kwa mara ya saba.

"Hapo," anasema Skolastika. "Usiguse tena."

Shela limebaki na ubuluu wake. Macho ni meupe. Skolastika anajifuta machozi kwa ncha ya khanga na kuomba nakala ya pili ya kupeleka Lusewa, wale waliosali waone.

Saa nne wako kwa masista. Sista Rosemary anaitoa picha juani, anamsimamisha Sista Wema kando yake, anatazama picha, kisha uso wake, kisha picha tena.

"Siku ya jubilei utafika saa ngapi?" anauliza hatimaye.

"Saa kumi na mbili asubuhi, Sista."

Njiani kurudi Bombambili, Benigna anaeleza mpango wake. Akipata fedha za jubilei atatafuta kompyuta ya kubeba, aende nayo hadi vijiji vya Lusewa na Mbesa, wazazi wazione picha kabla hazijachapwa.

"Programu nimepata nzuri," anasema. "Lakini haimjui Wema akiwa mzima. Mama yake anamjua. Kwa hiyo kabla sijachapa, nataka mama wa mtu akae kwanza kwenye benchi."